Mwiko wa Shimoni

Waitara alikaa miaka saba kwenye mashimo ya dhahabu, na miaka yote hiyo alishika mwiko mmoja: ukitoka kulala na mke usiingie shimoni, dhahabu itakimbia. Jamani, alivyoushika! Akija likizo nyumbani Nkende, analala sebuleni kwenye mkeka. Robi, mkewe, akimgusa bega tu, anashtuka na kuutoa mkono huo.

Dhahabu haikuja. Akarudi na nyundo yake na kikohozi. Sasa kitanda kilikuwa halali, mwili ndio ukagoma. Mwaka mzima. Alikunywa mizizi ya kila aina, akalala chali akitazama bati, hasikii kitu, si hamu wala aibu.

Robi hakugomba. Alisema tu, "Mahindi yakivunwa nakwenda kwetu. Baba atakurudishia ng'ombe wako wa mahari."

Ndipo wakafika kwa Shamsia, nesi wa ushauri, mama mtu mzima asiyezungusha maneno. Aliwachorea mwili wa mwanamume na wa mwanamke, akaonyesha damu inavyokwenda na hofu inavyoizuia. Waitara aliangalia ukuta. Miaka arobaini, hakuna aliyewahi kumweleza! Alipotahiriwa walimfundisha kuvumilia kisu, basi.

"Mwili wako haujafa, baba," Shamsia alisema. "Umeufundisha kuogopa mkono wa mkeo, nao umeshika somo."

"Ule mwiko ulikuwa wetu wachimbaji wote," Waitara akasema.

"Wote?" Robi akadakia. "Na mwenzako Werema aliyepata dhahabu? Mkewe si alizaa wawili hukohuko machimboni?"

Waitara alijua. Watoto wale aliwahi kuwabeba. Alingoja hasira zimpande, hazikupanda.

Shamsia akatoa kazi ya nyumbani: mwezi mzima tendo la ndoa marufuku. Washikane tu kila jioni, na kila mmoja aseme anachosikia. Waitara akakubali upesi. Kwa marufuku, huyo ni bingwa.

Jioni ya kwanza walikaa kitandani. Mahindi yalikuwa yamebakiza wiki tatu yavunwe. Robi akaweka kiganja mgongoni kwake, Waitara akashtuka kama kawaida.

"Unasikia nini?"

"Hofu."

"Unaogopa nini, Waitara? Hapa hakuna shimo."

Robi akapumua, akaanza kuuondoa mkono.

"Usiutoe," Waitara alisema.