Mfuko wa Kulia

Sufu kuukuu ikifunikwa kwa kitambaa chenye maji na kupigwa pasi ya makaa hutoa harufu ya kondoo aliyenyeshewa. Wengi hawaipendi. Mimi nikiipata popote, hata nikipita tu nyuma ya duka la dobi, husimama kidogo, na papo hapo ninakuwa tena na miaka kumi na miwili, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kwenye veranda ya Mama, hapa Nakuru, nikifumua koti la mtu aliyekufa.

Mama alikuwa fundi wa suti. Watu wamezoea mwanamke wa kushona magauni na sare za shule, kwa hivyo mgeni akifika verandani aliuliza, "Mathe, fundi ameenda wapi?" Mama alivuta tepu kutoka shingoni, akamwambia, "Inua mikono." Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Kazi alijifunza mtaa wa Bondeni, kwa mzee mmoja Mwislamu, Fundi Athumani, ambaye babu zake walitoka pwani. Mimi sikumkuta akiwa hai, lakini maneno yake niliyasikia kila siku: "Tepu haijui tajiri, inajua kiuno." Mama aliyashika. Meneja wa benki na mchukuzi wa magunia sokoni walipimwa sawasawa, mahali kumi na mbili, na kila mmoja alirudi kujaribu koti kabla halijamalizika. Mwenye bega moja lililoshuka alikatiwa koti lililomnyanyua bega hilo. "Mtumba ulikatiwa mtu mwingine," alikuwa akisema, "na huyo mtu hayuko hapa."

Kwa asiyeweza kununua kitambaa, Mama aligeuza. Siku hizi wengi hawaijui kazi hii, kwa hivyo nitaieleza. Koti la sufu likivaliwa miaka mingi hupauka kwa nje, lakini upande wa ndani, ule uliofichwa na bitana, hubaki na rangi yake kama siku lilipotoka dukani. Fundi hulifumua lote, hugeuza kila kipande, ndani kuwe nje, kisha hukata upya kwa vipimo vya mwenye kulivaa. Ukilivaa, una koti jipya. Ila kilichokuwa kushoto sasa kiko kulia. Matundu ya vifungo huzibwa na vifungo vikashonwa juu yake, lakini ule mfuko mdogo wa kifuani, ambao kwa kawaida hukaa upande wa moyo, huwa umehamia upande wa pili. Mtu wa kawaida anaweza kukaa nawe siku nzima asijue mfuko huo una maana gani. Fundi anajua, na mtoto wa fundi pia.

Nilikuwa darasa la saba kwaya yetu ilipofuzu kwenda mashindano ya kaunti. Madam wa kwaya akatangaza kwamba kila mvulana aje na koti jeusi. Tulikuwa wavulana kumi na wawili. Wazazi walilalamika getini, kisha wakaja kwa Mama, naye akawashauri wanunue kitambaa pamoja, jora moja, ili bei iwe ya jumla na kila mmoja aweze. Langu lilishonwa kwanza, liwe la kuwaonyesha.

Mtu mmoja tu hakuweza hata hiyo bei ya jumla. Alikuwa Gogo, nyanya wa rafiki yangu Kiprono. Walikuwa wametoka Keringet, na Gogo aliuza viazi karibu na stendi. Kiprono ndiye aliyeanzisha wimbo wetu. Sauti yake ilipanda peke yake kwanza, nyembamba na safi, ndipo sisi wengine tukaingia. Gogo alitoa koti kwenye gunia. Lilikuwa la marehemu mumewe, linanuka moshi, viwiko vinang'aa kama sufuria.

"Mama Ndung'u," alisema, "hili limeenda kanisani miaka na miaka. Litafika kaunti?"

Mama alishika ukingo wa koti, akaukunja ndani ya ngumi, akauachilia. Ukanyooka wenyewe.

"Litafika," alisema, "na litarudi."

Nililifumua mimi, siku tatu, na wembe. Lilipokamilika, nawaambia kweli, lilikuwa zuri kuliko langu. Sufu ya zamani hushika umbo la mtu. Kiprono alipolivaa, mabega yalikaa bila mkunjo hata mmoja, na Gogo akamzunguka mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe.

Sasa nifike pale nisipopenda kufika.

Mimi nilikuwa mtoto asiyesema. Mwalimu akiniuliza jambo, darasa zima lilinisubiri, kisha likachoka. Jumatatu iliyofuata Kiprono alikuja mazoezini na koti lake. Tukiwa kwenye mfereji wa maji, Brayo, ambaye baba yake alikuwa na buchari ya nyama choma kule Kikopey, akauliza, "Mbona mfuko ya Kip imekaa upande hiyo?"

Hakuna aliyejua. Mimi nilijua. Sijui niwaelezeje utamu wa kujua kitu ambacho wavulana sita hawakijui, wewe ambaye huulizwi chochote. Nikaeleza. Nilieleza vizuri, na bitana, na wembe, na matundu ya vifungo, hata marehemu nikamtia ndani. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote nilizowahi kutoa, na wote walinisikiliza mpaka mwisho.

Kufikia saa nne jina la Kiprono lilikuwa Geuza.

"Niaje, Geuza."

"Geuza, na soksi pia umegeuza?"

"Geuza, leo wimbo utaanzia mwisho?"

Hilo la mwisho lilinichekesha hata mimi, kabla sijaona Kiprono alikuwa akimtazama nani. Alikuwa akinitazama mimi.

Kesho yake hakuja mazoezini. Madam alijaribu mvulana mwingine aanzishe wimbo, akasikiliza, akakaa chini. Jioni Kiprono alifika verandani. Koti lilikuwa limekunjwa vizuri, mikono ndani. Akaliweka juu ya cherehani ya Mama.

"Mama, asante. Sitaenda."

"Linakubana?"

"Hapana."

"Ni nini basi?"

"Mfuko," alisema. Hakunitaja. Akaondoka.

Mama alikaa akilitazama lile koti. Kisha, bila kugeuka, akaniuliza, "Nani alijua habari ya mfuko?"

Nikamwambia yote. Nilitarajia kofi. Aliniangalia tu, kama mtu anayetafuta mahali uzi ulipokatikia.

"Ulisema na mdomo gani?" aliuliza. "Maana hapa nyumbani hata chumvi huombi."

Makoti kumi ya wengine yalikuwa yamekatwa, yakiwa bado vipande, na juu ya kila kipande cha kushoto kulikuwa na mstari mfupi wa chaki kuonyesha mfuko utakapopasuliwa. Mama aliyatandaza juu ya meza. Akachukua brashi, akafuta mstari wa kwanza. Akashika chaki, akauchora upya kwenye kipande cha kulia. Kisha wa pili. Alifanya hivyo mara kumi, polepole, na kila mara alipima kwa tepu kutoka begani, ingawa vipimo alivijua.

"Langu je?" nikauliza.

"Lako limeisha."

Ijumaa aliwaita wavulana wote verandani. Gogo alimleta Kiprono akimshika kola ya shati, akamsimamisha kando ya nguzo. Mama aligawa makoti moja moja, akimfunga kila mvulana vifungo kwa mkono wake. Brayo alivaa, akajitazama kifuani, akamtazama mwenzake, kisha mwingine.

"Mama Ndung'u, kwani na yangu imegeuzwa?"

"Hilo ni koti la kwaya," Mama alisema. "La kwaya huwa hivyo. Simama wima."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu kila aliyetaka kucheka aliangalia chini kwanza. Wa mwisho alikuwa Kiprono. Mama alimshikia koti wazi, kama anavyomshikia meneja wa benki, akangoja. Alingoja muda mrefu. Viazi vya mtu vilimwagika barabarani, vikaokotwa vyote, naye bado anangoja, mikono imenyooka. Hatimaye Kiprono akaingiza mkono mmoja, kisha wa pili.

Jumamosi asubuhi akaja Baba Brayo. Alikuwa ameleta kazi kubwa kwa Mama, makoti meupe ya wafanyakazi wake wote wa buchari, na kitambaa kilikuwa tayari kimejaa kona nzima ya veranda.

"Mama Ndung'u, hii mfuko iko upande wa wapi?"

"Kulia."

"Naona ni kulia. Si watu huweka kushoto?"

"Kuna wanaoweka."

"Basi rudisha. Watu wataona mtoto wangu amevaa koti ya marehemu."

"Nikirudisha la Brayo itabidi nirudishe yote, Baba Brayo. Na siyarudishi."

"Hata mimi nikikuomba? Mimi mteja wako?"

"Hata wewe. Mshono ukiwa na kasoro, nionyeshe, nitafumua sasa hivi ukiona."

Alipapasa mshono, akageuza kola, akavuta mkono wa koti. Hakupata kitu. "Basi hata hizo nyeupe nitatafuta fundi mwingine," alisema. Mama akainuka, akakibeba kile kitambaa cheupe, akakipeleka mwenyewe hadi kwenye gari lake.

"Karibu tena," alimwambia, na sauti yake haikuwa na kejeli.

Mimi nilifurahi kwamba kona ilikuwa imepata nafasi, nikahamishia ndoo yangu pale. Sikujua kwamba kwa kazi ile Mama alitarajia kununua mashine ya kutoboa matundu ya vifungo. Hadi leo anayatoboa kwa mkono, na miwani.

Siku ya mashindano tulipangwa uwanjani, makoti kumi na mawili meusi, yamekatwa vizuri kuliko ya shule yoyote niliyoiona pale. Kumi na moja yalikuwa na mfuko kulia. Moja lilikuwa na mfuko kushoto. Mvulana wa shule ya Lanet alitupitia kwa macho, akasimama mbele yangu.

"Na huyu, mbona yake iko tofauti?"

Masikio yangu yalichoma. Kiprono alikuwa hajanisemesha tangu Jumatatu ile, na alisimama hatua mbili tu kutoka kwangu.

"Mwache huyo," alisema. "Mama yake alikuwa anajifunzia na hilo."

Safu nzima ikacheka, na mimi nikacheka nao mpaka Madam akatufokea. Kisha Kiprono akavuta pumzi na kuanzisha wimbo. Tulikuwa wa nne.

Nilipomaliza darasa la nane nilibaki na Mama verandani, na sasa nina kiti changu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba alifanya vile kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Mwaka juzi mteja alituletea koti la kugeuza akaomba mfuko urudi kushoto, na Mama akanionyesha namna ya kufanya. Unachomoa nyuzi kwenye upindo wa koti lenyewe, unaziba ule mpasuko kwa kusuka, uzi juu uzi chini, unapiga pasi, kisha unapasua mfuko mpya upande wa pili. Ilituchukua mchana mmoja. Nilipitisha kidole pale mfuko ulipokuwa nisipaone.

Nikamuuliza kama njia hiyo aliijua wakati ule wa kwaya. Akasema Fundi Athumani alimfundisha kabla mimi sijazaliwa.

"Basi kwa nini hukuziba la Kiprono, ukamaliza? Lilikuwa moja tu."

Alikata uzi kwa meno, akautazama ule mshono.

"Koti la Kiprono halikuwa na makosa," alisema. "Ningerekebisha nini?"