Nyimbo Arobaini na Moja za Mama Lucia

Mwezi wa saba, ulezi ukishavunwa na kukauka, wanawake wa kijijini kwetu, upande wa Kaengesa, huupura kwa fimbo kwenye uwanja uliosiribwa kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe. Pasipo wimbo fimbo hugongana na mikono huchoka mapema. Mmoja huongoza, wengine huitikia. Kwa miaka thelathini na mbili aliyeongoza alikuwa Scola, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Lucia kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Shule aliishia darasa la pili. Nyimbo alizipokea kwa mama yake, naye mama yake alizipokea kwa bibi, zote kwa Kifipa. Waitikiaji wanajua kiitikio tu, maneno matatu au manne ya kurudiarudia. Beti ni za kiongozi, na kiongozi alikuwa yeye peke yake. Nyumba yao ilikuwa na mwiko mmoja: wimbo wa kupura hautoki mdomoni wala hauingii masikioni kabla ulezi haujafika uwanjani. Miezi mingine yote Mama Lucia aliimba nyimbo za kanisani.

Mwaka huu, mwezi wa pili, sauti yake ilianza kukwaruza na chakula kikawa hakipiti vizuri. Katika hospitali ya rufaa walikuta uvimbe kooni. Daktari alieleza kwamba kisanduku cha sauti lazima kitolewe, kwamba ataishi, lakini hatasema tena. Tarehe ikapangwa, nane Aprili. Lucia, aliyekuwa naye kwa daktari, aliniambia kwamba mama yake aliuliza swali moja tu, kama mwezi wa saba atakuwa ameweza kushika fimbo. Daktari akasema ataweza.

Lucia anauza nguo za mitumba mjini, Kizwite. Wiki ile ile alimletea mama yake redio ndogo, haizidi nusu ya mche wa sabuni. Inashika stesheni, ina tochi, ina kioo kidogo cha sola mgongoni, inapiga nyimbo za kwenye kadi, na ina kitufe chekundu cha kurekodi. Kadi ilikuwa imeandikwa 32, na muuzaji alikuwa amekwisha kuijaza nyimbo za kwaya na mahubiri bila kuongeza bei. Lucia alifurahi, akasema mama atapata na cha kusikiliza wodini.

Mimi niliitwa kwa sababu ni katibu wa jumuiya na nina daftari. Kazi yangu ilikuwa kubonyeza kitufe, kuangalia namba inayotokea kwenye kidirisha, na kuiandika mbele ya jina la wimbo.

Kwanza ilibidi suala la mwiko limalizwe. Mama Lucia alikaa nalo siku mbili na rafiki yake Getruda, ambaye amesimama mkono wake wa kulia uwanjani tangu wote wawili ni wasichana. Wakakubaliana kwamba ataimba kila wimbo mara moja, kwa kuwa ugonjwa haukusubiri mwezi wa saba. Kuzisikiliza, hapana, mpaka ulezi uvunwe.

Nilisema ingefaa tusikie walau kipande, tujue kama zinaingia.

"Katibu," alinijibu, na sauti tayari ilikuwa kama ya mtu anayeparua sufuria, "wewe ukiandika jina la mtu kwenye daftari, unarudi kumchungulia kama bado yumo?"

Getruda alicheka, nami nikaona haya. Tukafanya jaribio kwa maneno matupu. Getruda alihesabu moja mpaka kumi, akakohoa, na redio ikamrudisha safi kabisa pamoja na kuku aliyepita mlangoni. Mama Lucia akasema afadhali kuku, anajua kushika sauti kuliko Getruda. Jaribio hilo lilikuwa namba 613. Nililiandika.

Tulirekodi asubuhi, kabla mvua haijaanza kupiga bati. Siku nyingine aliweza nyimbo tatu, siku nyingine moja, na kila baada ya ubeti alikunywa maji ya moto. Kidirisha kilihesabu dakika, akimaliza nabonyeza, namba inatokea. Namba 614, wimbo wa mkwe aliyekuja mikono mitupu. Namba 630, wimbo wa panya ghalani. Ya mwisho, 654, wimbo wa ng'ombe aliyekataa kuvuka mto, tuliimaliza tarehe nne Aprili, naye akalazimika kuirudia katikati kwa kikohozi. Jumla arobaini na moja. Nilizihesabu mara mbili kwenye daftari na mara moja kwenye kidirisha, zikalingana. Akaifunga redio ndani ya kitenge, akaiweka kwenye sanduku, akaenda hospitali bila hiyo.

Alirudi katikati ya Mei, amekonda, anapumua kwa tundu la shingoni lililofunikwa kitambaa cheupe. Alisalimia kwa kushika mikono yetu na kukawia kuiachia.

Julai kumi na nne ulezi ulikuwa uwanjani. Niliiweka redio juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaweka 614. Sauti yake ilitoka, ile ya kukwaruza, lakini ni yeye. Wanawake waliacha fimbo wakalia kidogo, kisha Getruda akapiga pigo la kwanza na wote wakafuata. Mama Lucia alipura akitazama chini, na nilimwona anatabasamu pale sauti yake ilipomtania mkwe. Nyimbo kumi na moja zilikwenda hivyo.

Namba 625 ilitokea kwenye kidirisha. Dakika zikaanza kuhesabu. Sauti haikuja. Nikaweka 626, kimya. Nikaruka mpaka 630, mpaka 654, zote namba zipo, dakika zipo, hakuna kitu. Nilidhani ni baridi, maana asubuhi za Julai huku betri hulegea, nikaiweka juani saa nzima. 613 ilipiga vizuri, Getruda na kuku wake. 625, kimya. Mama Lucia aliichukua mkononi mwangu, akaibandika sikioni, akakaa nayo hivyo muda mrefu.

Kesho yake Lucia na mimi tuliipeleka Kizwite kwa Elia, fundi simu. Aliichomeka kadi kwenye kompyuta yake, akatazama, akatueleza taratibu. Kadi ni bandia. Imeandikwa 32 lakini uwezo wake ni 4, na nyimbo za kwaya zilikuwa zimekwisha kula karibu nafasi yote. Ikishajaa haikatai. Inaendelea kupokea, inaandika jina na dakika, lakini sauti haina pa kukaa.

Lucia aliuliza kama haiwezi kuvutwa kwa njia yoyote.

"Dada, kilichofutwa mara nyingine narudisha," Elia alisema. "Hiki hakikuwahi kuingia."

Njiani Lucia alirudia zaidi ya mara moja kwamba ni yeye aliyeinunua. Lakini mimi ndiye niliyeziandika zile namba thelathini, moja moja, na kuzipigia mstari.

Tulimweleza Mama Lucia mbele ya Getruda. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha mkono akitaka daftari. Hajui kusoma, ila aliweka kidole kwenye mstari, nikaelewa, nikawa nasoma jina naye anashuka. Nilipofika wimbo wa panya ghalani midomo yake ilianza kwenda. Getruda alisogea karibu, uso kwa uso, akijaribu kushika neno.

"Polepole, dada," alisema. "Rudia hapo."

Alirudia. Pumzi ilipita shingoni, kwenye kitambaa, na mdomoni hakikutoka hata kipande cha neno. Getruda alitikisa kichwa, akalia.

Kupura hakungoji. Siku iliyofuata walisimama tena uwanjani, wakamaliza zile kumi na moja, nami nikazima redio. Mama Lucia akainua fimbo. Alipiga mapigo ya wimbo wa panya, ambayo wote wanayajua, na midomo yake ikaimba ubeti wa kwanza wote. Midomo iliposimama, Getruda aliitikia, na wanawake wakaitikia pamoja naye. Akaimba ubeti wa pili. Wakaitikia. Hakuna aliyejua panya amefika wapi.

Nilikaa pembeni na daftari. Mbele ya 630 niliandika kiitikio, maneno manne, na chini yake nikaacha mistari mitupu ya beti.