Kofia Aliyoikataa Fundi Cheche

Fundi Cheche alikuwa mtu mwangalifu kuliko wote mtaani kwetu, na hilo ndilo linalonikera hadi leo ninapoeleza jinsi alivyopoteza macho. Ngazi hakuipanda kabla ya kuitikisa. Maji ya kunywa alitaka ayaone mwenyewe yakitokota. Akija dukani kwangu kununua betri ya redio, aliomba ijaribiwe mbele yake, halafu akaomba ijaribiwe tena. Karakana yake ya kuchomelea vyuma ilipakana na duka langu la rangi na misumari, ukuta wetu mmoja, kwa hiyo nilimsikia mchana kutwa akiwafokea wapita njia: "We dada, sogea huko, cheche zitakutoboa gauni!" Alilinda magauni ya watu asiowajua. Macho yake mwenyewe aliyaacha wazi.

Alichomelea uso mtupu. Aliangalia kiungo cha chuma, akaweka ncha ya kijiti cha kuchomelea mahali pake, akageuza shingo kama mtu aliyeitwa kwa nyuma, ndipo moto ukawaka. Mkono ulitembea wenyewe. Mara mojamoja alirudisha jicho, akauchungulia ule mwanga mweupe kwa upande, akageuka tena. Akimaliza aligonga kwa nyundo gamba lililoganda juu, na chini yake mshono ulikuwa umelala, umenyooka kama wa cherehani. Watu walisimama kutazama. Waliokuwa na haraka nao walisimama. "Huyu ana macho kwenye vidole," walisema, na yeye alijifanya hasikii huku akitafuta kiungo kingine cha kuchomelea hata kama kazi imekwisha.

Jioni macho yalimwasha kana kwamba yametiwa mchanga. Mkewe alimkatia vipande vya kiazi kibichi, akamwekea juu ya kope, naye akalala chali akiugulia kimyakimya. Asubuhi yalikuwa yamepoa. Kila yalipopoa, kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba hayadhuriki.

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alijifunza kazi hapohapo kwenye karakana. Baadaye alikwenda chuo cha ufundi, akarudi na cheti, akafungua karakana yake kona ya pili, yenye bango na mlango wa kukunja. Cheche alisema kijana aliondoka bila kuaga. Mimi nilikuwepo siku alipoaga, na aliaga vizuri tu, lakini kuna maneno mtu akishaamua kutoyasikia huwezi kumsikilizisha.

Siku moja shemeji alikuja na kofia ya kuchomelea, ile inayofunika uso mzima na ina kioo cheusi mbele ya macho. Palikuwa na watazamaji kama kawaida.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umekuja kukagua?"

"Nimekuletea hii. Ukiivaa unautazama moto wenyewe. Huna haja tena ya kupinda shingo kama kuku aliyesikia mwewe."

Watu wakacheka. Kijana hakuwa na nia mbaya. Walikuwa wakitaniana hivyo tangu alipokuwa mwanafunzi wake. Lakini zamani walitaniana wakiwa wawili.

"Nilikufundisha kushika kijiti ulipokuwa unakishika kama mswaki," Cheche alisema. "Leo umekuja kunivisha kofia?"

"Sikuvishi, shemeji. Nasema tu, macho hayana spea."

"Yako ndiyo hayana. Yangu mimi ni orijino."

Safari hii walicheka zaidi, wengine wakapiga makofi, na shemeji akacheka pia kwa sababu hakuwa na la kufanya. Cheche alishinda. Na mtu akishashinda namna ile mbele ya mtaa mzima, kesho yake ataivaaje kofia? Aliitundika kwenye msumari jikoni. Mkewe, alipoona haina kazi, akaigeuza kuwa ya kuwekea vitunguu.

Nilimuuliza zaidi ya mara moja kwa nini haivai. Alisema ni nzito. Alisema inatoa jasho, na kwamba ukiivaa humsikii mteja. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Nina hakika kofia ileile ingetoka kwangu, au angeiokota jalalani, angeifuta vumbi, angeijaribu mara mbili kama betri zake, na angeivaa. Tatizo lilikuwa mkono ulioileta. Sidhani kama alikuwa akinidanganya. Nadhani alizitaja zile sababu na yeye mwenyewe akaziamini, na ndiyo maana hapakuwa na njia ya kubishana naye. Ungeondoa uzito ukabaki na jasho. Ungeondoa jasho, angetafuta lingine.

Kisha asubuhi moja alikuja dukani kutaka kufuli. Alinitazama, akageuza kichwa kidogo kulia, kisha kushoto.

"Jirani, masikio yako nayaona," alisema. "Uso umeuacha nyumbani?"

Nilicheka nikidhani ni mzaha. Hakucheka.

Mkewe alimpeleka hospitali ya macho, na yeye ndiye aliyenisimulia. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, asiyezungukazunguka.

"Mzee, ukichomelea unavaa nini?"

"Navaa akili."

"Akili haina kioo cheusi, baba yangu." Akamweleza kwamba moto umeunguza sehemu ya ndani ya jicho, pale katikati panapotumika kusoma na kutambua sura. La kulia limekwisha. La kushoto limebaki nusu, na hiyo nusu inaweza kukaa naye mpaka uzeeni. "Ila ukiutazama moto tena bila kinga, hata hiyo itaondoka. Na hapo hakuna dawa wala upasuaji. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Walipofika nyumbani mkewe alimwaga vitunguu, akaiosha kofia, akaiweka mezani mbele yake. Cheche aliinuka, akatoka, akarudi amevaa miwani ya jua aliyoinunua kwa mchuuzi wa barabarani.

"Hii nimeinunua mwenyewe," alisema. "Kaniambia hata wachomeleaji wanaitumia."

Yule mtu wa kujaribu betri mara mbili hakuwa ameuliza swali hata moja. Shemeji aliposikia, alituma ujumbe kwa dada yake kwamba miwani ile ni mibaya kuliko kutovaa kitu, kwa sababu kioo chake ni giza tu. Kinalidanganya jicho lifunguke zaidi, na ule mwanga unaounguza unapita.

"Mdogo wangu anasema—"

"Ah. Mdogo wako anasema."

Yakaishia hapo.

Kwa muda aliacha kuchomelea. Alipima, alikata, aliwaelekeza wengine. Watazamaji walipungua, kwani nani anasimama kumtazama mtu anayepima? Alikaa kwenye benchi na miwani yake, akageuza uso kila viatu vilipopita, na viatu havikusimama.

Ndipo akaja mwalimu mmoja mstaafu na mkokoteni wenye geti lililoachia bawaba.

"Nimepita kwa yule kijana wa kona," alisema. "Anajifunika uso kama mwizi. Nikasema hapana, naenda kwa yule anayechoma akiangalia pembeni. Nilipokuwa bado nafundisha nilikuwa nachelewa kipindi kwa sababu yako, unajua?"

Alimaanisha wema. Cheche alinyooka mgongo. Watu wawili watatu walisimama, na waliofuata wakasimama kwa sababu hao walikuwa wamesimama.

"Baba," mkewe aliita kutoka mlangoni. "Jicho."

"Kiungo kimoja tu, mama."

Nilitoka dukani, nikamwambia geti linaweza kusubiri. Alinijibu kwa kuwasha mashine. Alivaa miwani, akaivua, maana akiwa nayo hakukiona kiungo kabisa. Akasogeza uso karibu na chuma. Zamani aligeuka kwa sababu alishajua mshono uko wapi. Sasa ilibidi autafute, na mahali pekee palipoonekana ni pale moto ulipokuwa. Aliutazama mwanzo hadi mwisho.

Alipogonga gamba, sote tuliona. Mshono ulikuwa umetambaa nje ya kiungo kama njia ya konokono, na kati ya bawaba na nguzo palibaki mwanya wa kupitisha kidole.

"Umenyooka?" aliuliza.

Mwalimu aliutazama mshono, kisha akamtazama yeye, alivyoinua uso akiuelekeza kando kidogo ya pale alipokuwa amesimama.

"Umenyooka, fundi."

"Kama zamani?"

"Kama mashine!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma, na watu wakapiga makofi. Mkewe aliingia ndani.

Geti lilipakiwa, mkokoteni ukaondoka. Ulipofika kona ya pili ukakata kwa shemeji, na wote tuliobaki tukaangalia chini. Cheche alikuwa amekaa kwenye benchi, amefunika jicho la kushoto kwa kiganja, machozi yakimchuruzika kwenye kifundo cha mkono. Jicho hilo halikurudi. Mkewe alitoka na vipande vya kiazi kwenye sahani, akamwinua kidevu.

Kutoka kona ya pili grenda ya kusagia ilianza kulia, ikikwangua chuma.

"Unamsikia mdogo wako?" Cheche alisema, kichwa kimeegemea ukuta. "Mtu anayekwangua hivyo amekosea mshono."

Mkewe alimwekea kiazi juu ya jicho, akakishika kisianguke.