Kopo la Samli Lililovuka Bahari

Leya hakuwahi kuijua bahari. Milima ya Kivu alikozaliwa ilikuwa na ukungu, ng'ombe na vijito vya kurukwa tu. Kwa hiyo binti yake Uwera alipopiga simu kutoka Buffalo, mwaka ule wa 2015, na kusema amechaguliwa chuoni kwenda na meli ya wapima afya kwenye visiwa vya mbali vya Pasifiki, Leya aliketi jikoni kwake Beechmont, mtaa wa Louisville, Marekani, mkono kichwani, kama aliyeletewa habari ya msiba.

"Watu wa kule hawajapimwa sukari miaka mingi, Mama. Profesa amenikabidhi vipimo vyote vya sukari."

"Bon. Na weye, umekabidhiwa nani?"

Uwera alicheka. Mama hakucheka.

Vifaa vya safari hiyo vilifungwa Newburg, Louisville hiyohiyo, katika ghala la shirika la misaada alilofanyia kazi Leya mwenyewe. Kazi aliijua. Meli ingepita kisiwa baada ya kisiwa, kwa hiyo cha kushuka mwanzo kiliingia mwisho, na kila kisiwa kilikuwa na rangi yake ya utepe. Mizigo mizito ilikaa chini, na kila pengo lilijazwa bandeji ili kitu kisicheze mawimbini.

"Wee Leya," msimamizi wao, Editha wa Bukoba, alimtania, "unafunga sanduku au unaozesha binti?"

"Heri ningekuwa naozesha, dada. Mkwe ningemjua kwao."

Kwa watu wa Leya, mtoto haendi mbali bila kuonja maziwa au samli ya nyumbani, ili tumbo likumbuke njia ya kurudi. Uwera angeruka moja kwa moja kutoka Buffalo kwenda kupanda meli; Louisville hangepita. Leya akanunua malai, akayatikisa ndani ya chupa mpaka mabega yakauma, akachemsha, akajaza kopo.

"Usinitumie, Mama," Uwera alimwambia. "Visiwa vile vinakataza kitu chochote cha ng'ombe. Wanaogopa magonjwa ya mifugo."

Leya alisikia. Lakini yeye alikulia zizini, na akilini mwake samli haikuwa mnyama. Ilikuwa imepita motoni. Ugonjwa gani wa ng'ombe unaoshinda moto? Na nani duniani anafukuza samli mlangoni? Siku ya kufunga sanduku la vipimo vya sukari, alilivingirisha kopo ndani ya bandeji na kulizamisha katikati, mahali ambapo mkono wa Uwera peke yake ungefika.

Kontena lilisimama juani bandarini. Samli ikayeyuka, ikapenya kifuniko, ikalowanisha vipimo pakiti kwa pakiti. Kwenye kisiwa cha kwanza wakaguzi walisikia harufu, wakafungua, wakalizuia sanduku lote. Nahodha hakuweza kungoja: kisiwa cha pili kiliingilika maji yakijaa tu. Meli ikaondoka bila vipimo vya sukari, na bila Uwera.

Alipiga simu akiwa bado kule, sauti kavu.

"Nililitambua kopo, Mama. Nimewaambia ni langu, wakanizuia."

"Kwa nini useme hivyo, mwanangu?"

"Wangekufukuza kazi. Donc, basi."

Siku nzima Leya hakumeza kitu. Kwa majuma alikuwa amemwomba Mungu amzuie mtoto asipande ile meli. Sasa mtoto alikuwa nchi kavu, kama alivyoomba. Kesho yake alimfuata Editha katikati ya masanduku akamweleza yote, kuanzia malai.

Editha alivua miwani. "Nitamwandikia profesa. Jina la mtoto litasafika kidogo. Lakini meli si basi la jiji, dada, kwamba utaipungia mkono isimame."

Hakumfukuza. Alimhamishia kwenye kukunja mashuka, na masanduku Leya hakuyagusa tena.

Uwera aliporudi Buffalo, hakuja Louisville. Leya alipanda basi mpaka Columbus kwa kaka yake Gakunzi, naye akamwendesha njia iliyobaki, theluji ikianguka. Njiani kaka alijaribu mzaha: "Leo hujabeba samli?" Leya alijivuta mtandio usoni, naye kaka akazima redio.

Uwera alifungua mlango, akawasalimu kwa heshima zote, akachemsha chai. Profesa alikuwa amepata barua. Alikuwa amejibu kwa upole, kwamba safari nyingine wataangalia. Gakunzi aliposhuka kulisogeza gari, mama na binti walibaki na vikombe vyao.

"Nilidhani utanigombeza," Leya alisema.

"Nilitaka. Halafu nikachoka." Uwera alitazama dirishani. "Kulikuwa na mama mmoja kwenye foleni kule kisiwani, Mama. Umri wako. Kidole cha mguu kimeanza kuwa cheusi, kama cha mwenye sukari, na yeye anasema ni jiwe tu lilimkwaruza. Alikuja mapema kuliko wote, akakaa mbele kabisa. Nilimwambia vipimo vimeharibika, akanishika mkono, akanipa pole. Mimi!"

Leya aliweka kikombe chini. Aliitazama miguu yake mwenyewe ndani ya soksi nzito za baridi.

"Alikuwa na binti?"

"Sikumuuliza," Uwera alisema.