Tao la Mlango Mkubwa

Enzi zetu, sisi tuliokulia Masama, Jumapili ilianza kwa maji baridi ya mfereji na mafuta ya kujipaka mpaka magoti yang'ae. Kanisa letu lilikuwa la mawe meusi, la wakati wa wamisionari, kuta zake nene kiasi kwamba mtoto aliweza kukaa dirishani na miguu akainyoosha yote. Madirisha yalichongoka juu, na ndani kulikuwa na ubaridi hata mchana wa kiangazi. Akina mama walikaa kushoto, akina baba kulia. Ukigeuka nyuma, mama alikufinya kimya kimya, na nyumbani ulipakuliwa mtori wa ndizi baada ya wenzako wote.

Baba yangu alikuwa fundi mwashi. Mwaka mmoja masika yalizidi, tao la mawe juu ya mlango mkubwa likapasuka. Wazee wa kanisa walitaka libomolewe, iwekwe boriti ya zege, mambo yaishe. Baba akawaomba wampe wiki tatu. Aliunda kiunzi cha mbao chini ya tao, akateremsha mawe moja moja, kila moja akaliandika namba kwa mkaa, kisha akayapanga upya.

Siku ya kuondoa kiunzi, waumini walisimama mbali. Mama alimsihi akifunge kamba kile kiunzi, akivute akiwa mbali uwanjani. Baba aliingia chini ya tao na nyundo yake, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Nikisimama mbali mimi, nani atathubutu kupita?"

Akagonga. Mbao zikaanguka, mawe yakatulia. Mama alikaa kwenye nyasi akalia.

Nilipita pale siku ya ndoa yangu. Jeneza la baba nalo lilipita pale.

Siku hizi tuna kanisa la vigae na madirisha ya alumini, na vijana wanaosoma Biblia kwenye simu, ingawa kidole huteleza kikaenda kwingine. Tulikuwa tumeongezeka, la zamani halikututosha. Kikao kilipoamua libomolewe, mimi nilikuwa mzee wa kanisa. Kaka yangu alinitazama, akisubiri niseme neno. Nikanyoosha mkono kukubali pamoja na wenzangu. Nilikuwa na sababu, na bado ninazo: leo wajukuu wangu wanapata pa kukaa.

Vijana wa mashine walidhani kazi ni ya asubuhi moja. Tao lile liliwachukua siku mbili, nami nilisimama barabarani siku zote mbili.