Jemadari Wetu wa Rangi ya Kucha

Enzi zetu vita havikupiganwa kwenye simu. Vilipiganwa juu ya paa la jengo letu, Kariakoo, katikati ya matanki ya maji na kamba za nguo, kila Jumamosi tukishamaliza kufua. Nyie wa rika langu mtanielewa. Nyie wengine chajini simu zenu kwanza, mtakuja kusoma baadaye.

Jeshi lilikuwa la plastiki. Baba yangu alikuwa na duka la jumla chini ya jengo, akiuza ndoo, mabeseni, vitana na midoli, na kila mzigo ulipofika kulikuwa na pakiti zilizopasuka ambazo hakuna mteja angezigusa. Ndani yake mlikuwa na askari wadogo wa kijani, urefu wa kidole gumba, wote wamepiga goti moja na kulenga bunduki. Aliyewabuni nadhani alichoka mapema siku hiyo, maana hakufikiria mkao mwingine. Baba, Mchaga wa Machame ambaye sijawahi kumwona akitupa kitu, alinipa mimi.

Rangi alileta jirani yangu Hansa. Sisi tuliishi ghorofa ya pili, wao ya tatu, na baba yake aliuza rangi za nyumba duka la pili kutoka letu. Makopo yaliyobakiwa na kijiko kimoja cha rangi chini yalikuwa ya Hansa. Kwa hiyo mimi nilikuwa na askari, yeye alikuwa na rangi, na hakuna aliyeweza kuanzisha vita bila mwenzake. Laiti mataifa makubwa nayo yangepangwa hivyo.

Juzi juzi binti yangu alinionesha kwenye simu wanaume wazima wa huko ng'ambo, wenye ndevu zao, wakipaka rangi askari kama wale wa vita vya kale. Wana brashi yenye nywele tatu, taa mezani, lenzi jichoni, na kichupa maalumu cha rangi ya vifungo vya koti tu. Nikamwambia hao wamechelewa. Sisi tulikuwa na miaka kumi na mmoja, na brashi yetu ilikuwa njiti ya kiberiti iliyotafunwa ncha. Makoti tulipaka kijivu cha rangi ya mafuta, ile ya mageti. Ngozi tulipaka kahawia ya milango. Macho tuliyaacha, kwa sababu tulipojaribu mara ya kwanza tulipata kikosi kizima chenye makengeza, na hatukujua kinamlenga nani.

Historia tuliipata shuleni. Mwalimu alitufundisha vita vya Majimaji fimbo ikiwa mkononi, na alipofika mahali Wajerumani wanashambulia, alitushambulia sisi ili somo liingie. Tukatoka darasani na msimamo mmoja: hakuna aliyetaka kuwa Mjerumani. Hapo ndipo Hansa akatunga sheria. Atakayeshindwa Jumamosi hii, Jumamosi ijayo ndiye Mjerumani, na ni lazima jeshi lake alipake kijivu upya. Akishinda, anarudi kuwa mwananchi na kupaka kahawia tena. Basi rangi ikapanda juu ya rangi wiki hadi wiki, mpaka askari wakanenepa. Pua zilipotea, bunduki zikawa nene kama michi.

Tulipigana kwa gololi. Unafyatua, anayeanguka amekufa, na ubishi ni sehemu ya vita. Hansa alishikilia kwamba jeshi bila wapagazi si jeshi, kwa hiyo tukaweka punje za maharage nyuma ya kila kikosi kubeba mizigo. Wapagazi hao hawakudumu. Mama aliwaokota kwenye ngazi Jumapili moja, akawaosha, akawapika pamoja na ndizi, nasi tukawala bila kusema neno.

Jumamosi nyingine Hansa, akiwa upande wa Majimaji, aliwanyunyizia askari wake maji ili risasi zisiwapate. Wiki hiyo kahawia ya mafuta ilikuwa imeisha dukani kwao, akawa amewapaka rangi ya maji, ile ya ukutani. Kahawia ikaanza kuchuruzika, kijivu cha chini kikatokea, na jeshi zima la ukombozi likageuka kuwa Wajerumani katikati ya mapambano. Tulicheka hadi tukaangukia shuka za Mama Hansa zilizokuwa kambani, tukafua upya zote nane.

Sasa, mimi nilikuwa na jemadari. Kwa umbo hakutofautiana na wengine, goti lile lile na bunduki ile ile, ila alikuwa wa dhahabu kuanzia kofia hadi soli. Dhahabu hiyo ilikuwa rangi ya kucha ya dada yangu Eliwaza, aliyoinunua kwa ajili ya sendoff yake, na mimi niliichukua bila ruhusa akiwa amepaka mkono mmoja tu. Kichupa kilipokosekana nilisaidia kukitafuta kwa moyo wote, hadi chini ya kitanda. Dada alikwenda kwenye sendoff akiwa na dhahabu kwenye mkono mmoja, na ule mwingine aliuficha chini ya mtandio tangu kuingia ukumbini hadi keki. Mimi nikatunga sheria yangu: wengine wanaweza kuwa Wajerumani, lakini jemadari hapakwi tena maisha yake yote.

Jumamosi ya mwisho Hansa alinipiga vibaya. Gololi yake ilifagia safu yangu ya mbele kwa mkupuo mmoja, na jemadari wangu akatekwa. Mimi sikuwa mtoto wa kushindwa vizuri. Nilikwenda kununa nyuma ya tanki, nimeutazama ukuta, mpaka nikachoka. Niliporudi, Hansa alikuwa anaanua nguo. Nikachukua boksi langu kwa hasira, na badala ya kupaka askari mmoja mmoja kama kawaida, nikalimimina boksi zima ndani ya kopo la kijivu. Nikawavua kwa uma wa mama na kuwapanga juu ya kipande cha bati wakauke.

"Nipe jemadari wangu," nikamwambia.

"Nimeshakurudishia," Hansa akasema. "Nimemweka kwenye boksi lako ulipokuwa umenuna."

Mtu mwenye akili angetazama bati. Mimi nilitazama boksi. Lilikuwa tupu.

"Muongo!"

"Ndeshi, haki ya Mungu nimemweka humo."

Nikashuka ngazi nikipiga kelele, "Hansa mwizi! Kaniibia!" Milango ikafunguka kila ghorofa, maana Kariakoo ukisema mwizi hata aliyelala anatoka. Mama Hansa alitoka na mikono yake yenye unga. Hakumpiga mwanawe, wala hakunigombeza mimi. Alisema tu, "Katika nyumba yangu hakuna mwizi. Hansa, lete begi lako, umwage hapa watu waone."

Hansa akamwaga begi la shule pale kwenye ngazi. Yalitoka madaftari, rula iliyovunjika, kipande cha chapati kwenye karatasi, na ramani ya vita vya Jumamosi ijayo aliyokwisha kuichora, upande wangu umeandikwa jina langu. Akageuza mifuko ya begi nje ndani, mmoja mmoja. Hakulia. Alinitazama mimi tu.

Mama yangu akasema, "Ndeshi, muombe mwenzio radhi."

Mimi nikasema, "Kaficha kwingine."

Nimesema maneno mengi ya kijinga maishani, mengine nikiwa na kipaza sauti mkononi, lakini hayo mawili ndiyo ninayotamani ningeyameza. Kuanzia siku hiyo mimi nilibaki na askari bila rangi, Hansa akabaki na rangi bila askari, na tukapishana kwenye ngazi zile zile miaka mitano bila salamu. Kisha nikaenda bweni, nikaolewa, na wao wakahamishia duka Gerezani. Baba yake alipozeeka, Hansa akalishika yeye.

Nimejenga nyumba na kuipaka rangi mara mbili. Mara zote mbili nilinunua rangi Buguruni, mbovu, iliyobanduka kabla ya masika ya pili, wakati mji mzima unajua rangi nzuri iko kwa Hansa. Watu waliniuliza kwa nini. Nilisema Buguruni ni karibu, na wala si karibu.

Mwezi uliopita tulitakiwa kuhama lile jengo la zamani. Linabomolewa, linakuja refu zaidi lenye vioo. Nilipokuwa nikifungasha vyombo vya mama nikakuta boksi langu juu ya kabati, askari wote ndani, rangi imepasuka na kufifia. Nikawapeleka nyumbani niwafufue, nimwoneshe binti yangu tulivyocheza sisi. Akamshika mmoja, akamgeuza, akatafuta swichi. "Mama, sasa hawa wanafanya nini?" Nikamwambia hawafanyi kitu, anayefanya ni wewe. Akanionea huruma, akarudi kwenye simu yake.

Niliwaloweka kwenye maji ya sabuni, nikachukua mswaki wa zamani nikaanza kusugua. Plastiki ile ni laini, ukiikunja kidogo rangi inabanduka magamba magamba: kijivu, kahawia, kijivu, kahawia, Jumamosi zetu zote zinatoka kwa zamu. Nikafika kwa mmoja aliyekuwa mwembamba. Pua ilikuwa bado inaonekana. Nikampitishia ukucha mara moja tu, kijivu kikatoka chote, na chini yake palikuwa na dhahabu.

Nilikaa palepale sakafuni na mswaki wangu. Alikuwa kwenye boksi. Hansa alimweka, kwa upole wake, wakati mimi nimenuna, nami nikamchovya kwa mkono wangu mwenyewe. Niliona aibu, na si ile ya kusema eti utoto tu. Ilikuwa aibu ya masikio kupata moto, mwanamke mzima na mvi zangu. Kwenye jengo lile mwizi alikuwa mmoja, na alikuwa na rangi ya kucha ya dada yake.

Kesho yake nikaenda Gerezani. Hansa alikuwa nyuma ya kaunta, miwani shingoni, anabishana na fundi kuhusu rangi ya maziwa. Mama mmoja alikuwa anasubiri thina ya kuzimulia rangi.

"Karibu da..." akaanza, kisha akanitambua. "Ndeshi."

Nikamweka jemadari juu ya kaunta. Hansa akavaa miwani, akamshika, akamkwangua kijivu kilichobaki mgongoni.

"Alikuwa kwenye boksi," akasema.

"Alikuwa kwenye boksi. Nilimchovya mwenyewe na wenzake. Nisamehe, Hansa. Nilikuita mwizi mbele ya watu, na mwizi nilikuwa mimi, hata hiyo dhahabu niliiba."

Fundi akaacha kukoroga. Hansa akamgeuza geuza yule askari.

"Ungekuja mapema, mama angesikia," akasema. "Amefariki mwaka juzi."

"Nilisikia. Nilishindwa kuja."

"Najua. Nilikutafuta kwa macho msibani." Akamweka jemadari chini. "Haya, mwaga pochi."

"Nini?"

"Mwaga pochi yako hapa. Watu waone."

Nikamtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Basi nikaimwaga, pochi yangu nzuri ya mtumba wa Mchikichini, juu ya kaunta mbele ya fundi na mama wa thina. Zikatoka funguo, panadol, hereni moja, nusu kitumbua kwenye karatasi, vocha za zamani na kitambaa nisichotaka kukieleza.

"Na mifuko."

Nikageuza mfuko wa ndani. Kikadondoka kijiko. Kizuri, chenye nakshi, kimezungushiwa tishu.

Hansa akakiinua. "Cha nani hiki?"

"Cha ukumbi," nikasema. "Harusi ya wiki iliyopita. Sijui kiliingiaje."

"Bado unaiba!" akasema Hansa, akacheka. Akacheka mpaka akavua miwani, akafuta macho, akaendelea kufuta hata baada ya kicheko kwisha. Mimi nikawa nafuta yangu kwa kile kitambaa. Mama wa thina akatuangalia, akasema yeye anaomba thina yake aondoke.

Watoto wa siku hizi wakigombana wanablokiana kwa kidole. Binti yangu na rafiki yake wameblokiana mara tatu wiki hii, na kila mara kabla ya chakula cha usiku wameshafunguliana. Nilizoea kuwacheka. Nilisema hawa hata ugomvi hawaujui, hawana subira ya kununiana kama sisi. Siku hizi siwacheki tena. Sisi tulikuwa na paa, gololi, jua, na mama wawili waliotupenda sote wawili, tukashindwa kupanda ngazi moja kuulizana vizuri. Paa lile sasa ni kifusi, na Mama Hansa hatutamwambia tena.

Jumamosi Hansa anafunga duka saa nane mchana. Kaunta yake ni ndefu kuliko uwanja wetu wa vita wa paani, na maharage nimenunua kilo nzima. Askari nimewapaka wote kijivu, mmoja mmoja, kwa njiti, isipokuwa yule wa dhahabu. Safari hii Mjerumani ni mimi, maana mara ya mwisho nilishindwa mimi.