Ndoto Aliyoingoja Joash

Kazi ya Scovia ilikuwa ngumu kuieleza nyumbani. Katika kituo kidogo cha utafiti bondeni Lambwe, mwaka 1992, alipewa karatasi zilizojaa herufi, kila mfululizo ukiwa protini moja ya kimelea cha malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o. Yeye alitakiwa kubashiri ni ipi inashikizwa na nanga ya mafuta kwenye ngozi ya kimelea, na ipi inabaki ndani. Alianza kusomea mkiani. Protini ya nanga huishia kwa herufi zinazokimbia maji, na kabla yake kidogo pana mahali ambapo mkia hukatwa na mafuta kupachikwa. Akibashiri vizuri, protini hiyo iko nje, na huenda siku moja ikatengenezewa kipimo cha tone moja la damu.

Shangazi yake Bathsheba alimsikiliza mpaka mwisho. "Sasa nyathina, mwanangu, hiyo ndiyo ulisomea miaka yote?"

Scovia alikuwa hodari, lakini usimwonee wivu.

Mwaka huohuo mama yake alifariki. Baba yake, Joash, aliyechunga ng'ombe kando ya vichaka vya mbung'o maisha yake yote, akabaki mgane. Kwa desturi ya kwao, mgane haingii nyumba za watu mpaka amwote marehemu mkewe. Basi kila asubuhi Bathsheba alimuuliza kama amemwota, na kila asubuhi mzee akatikisa kichwa.

Kisha akaanza kulala mchana. Tonge la ugali mkononi, macho yamefumbwa. Usiku alitembeatembea uani akilalamika kichwa kinamuuma. Bathsheba alifurahi waziwazi. "Mwacheni. Mke wake yuko karibu," akasema, na kuku wakafukuzwa wasimsumbue.

Scovia alikuja Jumamosi, akamkuta amelala kitini. Wazo lilimjia, tena lilimjia sawasawa. Akamwomba shangazi amruhusu amdunge baba kidole, apeleke damu kituoni.

"Umuamshe?" Bathsheba aliwaka. "Amengoja muda wote huu, wewe uje na sindano umkatize? Utamfunga nje mpaka afe!"

Scovia aliona haya. Mama yake ndiye aliyekuwa akingojwa, na yeye pia alitaka aje. Akakaa kando ya baba, akatoa karatasi zake, akaendelea kutia alama mikia ya protini polepole, karatasi zisije zikamwamsha. Kimelea alichokuwa akikisoma kilikuwa kinaogelea ndani ya mtu aliyekoroma ubavuni mwake.

Joash alipoanguka na kushindwa kuinuka, walimpeleka hospitalini Homa Bay. Daktari Momanyi, Mkisii asiyejua lolote kuhusu desturi hiyo ya ndoto, alimpapasa shingo yenye uvimbe.

"Huyu mzee ameanza kulala ovyo lini?"

"Tangu tuzike," Bathsheba akajibu. "Anangoja kuota."

Daktari akamgeukia Scovia. "Na wewe dada, unafanya kazi wapi?"

"Lambwe. Kwa utafiti wa malale."

Momanyi aliinamisha kichwa, akaandika. Hakumkemea, na Scovia alitamani sana amkemee.

Vimelea vilikuwa vimefika kwenye maji ya uti wa mgongo. Dawa iliyobaki ilikuwa ile kali inayounguza mishipa, nayo ilimuunguza mzee bila kumponya. Scovia alimfuta jasho, akijichukia kwa moyo wote.

Asubuhi moja Joash alifungua macho, yakiwa maangavu, yenye akili.

"Scovia. Nimemwota mama yako."

"Alisema nini, Baba?"

"Hakusema. Alinisogezea kiti."

Bathsheba alipiga vigelegele wodini mpaka wagonjwa wakainuka vitandani. Mzee ameachiliwa! Akakimbia sokoni kumtafutia shati jipya, maana mgane aliyeota hatakiwi kurudi kwake na nguo za matanga. Alichagua jeupe, lenye kola ngumu.

Aliporudi alimkuta Scovia ameushika mkono wa baba yake, na mkono umeshapoa. Shati lile ndilo walilomvalisha.